Kiti cha Jaji na Kilio cha Koru



Sisi wa mwambao wa Ziwa Viktoria tuna mizani yetu ya kumpimia jaji. Hatuulizi alipanda vyeo vingapi. Twauliza: je, aliachwa kuimaliza kesi yetu?

Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila. Oktoba mwaka huo Rais Moi aliunda tume ya majaji watatu: Evan Gicheru, mwenyekiti, pamoja na Richard Kwach na Akilano Akiwumi. Tume ilikaa hapa Kisumu, na mashahidi wakathubutu kutaja majina ya wakubwa. Novemba 1991 Rais akaivunja kabla haijatoa ripoti. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Tujifunze hapa. Mwaka 1988 Bunge lilikuwa limewavua majaji ulinzi wa ajira yao. Mwaka 1990 likawarudishia. Jaji Gicheru, basi, alikuwa na kiti kilicholindwa, lakini kazi aliyopewa kwa amri ya mtu mmoja iliondolewa kwa amri ya mtu yule yule. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Wamarekani walipounda mahakama zao za wilaya mwaka 1789, katiba yao ilikwisha kuagiza kwamba jaji adumu maadamu ana mwenendo mwema. Rais Jefferson alipotaka John Pickering wa New Hampshire aondoke, hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Ilimbidi apeleke shauri Bungeni, na Seneti ndiyo iliyomwondoa mwaka 1804.

Jaji Gicheru akawa Jaji Mkuu mwaka 2003. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 alimwapisha Rais Kibaki Ikulu, punde tu baada ya matokeo yaliyopingwa kutangazwa. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauna imani na majaji. Kisumu iliwaka, na vijana wetu wakapigwa risasi. Hatumhukumu marehemu, twasema tu kwamba imani iliyovunjwa mwaka 1991 haikuwa imeungwa.

Katiba ya 2010 iliagiza Jaji Mkuu aliyekuwapo aondoke, na mrithi wake, Willy Mutunga, akahojiwa hadharani. Septemba 2017 mahakama iliyoongozwa na David Maraga, aliyetoka kuongoza Mahakama ya Rufani hapa Kisumu, ilifuta uchaguzi wa rais.

Kwa hiyo, ndugu zetu makanisani na vijijini, jaji akihojiwa, tusikilize. Bajeti ya mahakama ikikatwa, tupaze sauti. Amri ya korti ikidharauliwa, tusinyamaze. Yule mjane wa Injili hakuwa na cheo wala fedha. Alikuwa na mlango wa kadhi, na hakuchoka kuubisha.