Curt Flood Alishindwa, Chama Kikashinda

Wanachuo wenzangu, ukitaja besiboli hapa chuoni wengi wanakumbuka filamu tu: jamaa kashika gongo, kavaa kofia, bazoka mdomoni. Mchezo wenyewe hatuujui na wala si dhambi. Lakini kuna upande mmoja wa besiboli ya Marekani ambao kila anayetarajia kuajiriwa angepaswa kuujua, nao ni vita vya mkataba. Nasema hivi kwa sababu kuna maneno yanayozunguka sana vimbwetani siku hizi, kwamba chama hakina faida, kila mtu apambane na hali yake.

Tuanzie mwanzo. Cincinnati Red Stockings ya mwaka 1869 ndiyo timu ya kwanza kutangaza hadharani kwamba inalipa wachezaji wake wote. Mwaka 1876 ikaundwa National League, na haikuchukua muda wamiliki wakagundua kuwa gharama yao kubwa ni mishahara. Basi mwaka 1879 wakakubaliana kwa siri kwamba kila timu itakuwa na wachezaji watano ambao timu nyingine haziruhusiwi kuwagusa. Baadaye wakapanua utaratibu huo hadi ukamfunga karibu kila mchezaji. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, ila ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoipa timu haki ya kukubakiza mwaka unaofuata, na unaofuata, na unaofuata. Timu ingeweza kukuuza au kukufukuza. Wewe kuondoka kwa hiari yako? Thubutu! Labda uache mchezo.

Mtu anaweza kuuliza, mahakama ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba besiboli si biashara kati ya majimbo, hivyo sheria ya kuzuia ukiritimba haiihusu. Timu zilikuwa zinapanda treni kutoka jimbo hadi jimbo, zinauza tiketi kwa maelfu ya watu, lakini majaji wakaona safari ni jambo la pembeni tu na kilichopo ni maonyesho ya mchezo. Uamuzi huo ukawa ngao ya wamiliki kwa miaka hamsini na zaidi.

Ndipo anakuja Curt Flood. Huyu alikuwa mchezaji mweusi wa St. Louis Cardinals, aliyechezea timu hiyo misimu 12 na kuchukua nayo ubingwa mara mbili, 1964 na 1967. Oktoba 1969 akaambiwa ameuzwa Philadelphia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana enzi hizo, na wengi walimshangaa: huyu analalamika nini? Jibu lake lilikuwa jepesi. Kulipwa vizuri hakumfanyi mtu kuwa bidhaa. Akagoma kwenda, akaacha msimu mzima wa 1970 upite bila kucheza, akaenda mahakamani.

Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947, alikuja kumtolea ushahidi. Chama cha wachezaji kililipia mawakili. Lakini katika kesi ile hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyefika kukaa naye. Waliogopa vibarua vyao kuota nyasi. Mwaka 1972 Flood akashindwa kwa kura 5 kwa 3. Majaji walikiri kuwa msamaha ule wa 1922 ni jambo lisilo la kawaida, kisha wakasema kulirekebisha ni kazi ya Bunge. Flood alikuwa ameshajaribu kurudi uwanjani mwaka 1971, akacheza mechi 13 tu, basi.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kwa shujaa aliyeonewa. Mimi naona utamu uko mbele. Tangu 1966 chama kilikuwa na kiongozi mpya, Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Wakati Flood anapigania haki kortini, Miller alikuwa mezani. Katika makubaliano ya 1970 alipata kipengele ambacho hakikupigiwa kelele: migogoro ya mikataba iamuliwe na msuluhishi asiyekuwa mtu wa wamiliki. Mwaka 1975 warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wakacheza bila kusaini mkataba mpya. Desemba msuluhishi Peter Seitz akaamua kuwa mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja, na wachezaji hao ni huru. Wamiliki wakamwondoa Seitz mara moja, wakakimbilia mahakamani, wakagonga mwamba.

Matokeo? Mwaka 1967 wastani wa mshahara ulikuwa kama dola 19,000. Leo unazidi milioni 4. Wamiliki walitabiri kwamba uhuru wa wachezaji utaua mchezo. Haukufa. Mwishoni mwa 2024 New York Mets walimsaini Juan Soto kwa miaka 15 na dola milioni 765. Atakayesema fedha hazikuwepo ana kesi ya kujibu.

Hata hivyo tusikipambe chama kupita kiasi. Vijana wa ligi za chini, wanaosubiri kupanda, waliachwa nje kwa miongo mingi. Mwaka 2018 Bunge liliwaondolea hata kinga ya kima cha chini cha mshahara kwa sehemu kubwa. Walipokubaliwa hatimaye kujiunga na chama mwaka 2022, haikupita hata mwaka: makubaliano ya 2023 yalipandisha mshahara wa chini wa ngazi ya juu ya ligi hizo kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Fedha ileile, vipaji vilevile. Kilichobadilika ni kwamba walikuwa na kiti mezani.

Kwa hiyo anayesema kila mtu apambane na hali yake namwelekeza kwa Flood, aliyekuwa na kipaji, jina na haki, na bado peke yake hakutosha. Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi nasema hivi: hotuba za bumu likichelewa tunazipenda, lakini tuonyesheni vipengele mlivyoandikisha kwenye vikao na menejimenti. Na mnapoingia humo, mkumbukeni mwaka wa kwanza anayebebana hosteli, maana chama kinachowatazama waliokwisha kupanda tu ni nusu chama.