Goma: Mashikio yenye kulia wakati wa dawa, kwa nini kuandika kila siku

Tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia muji wa Goma, tumezungumuza sana juu ya watu waliopigwa risasi, na ni haki. Lakini kuko shida ingine yenye haitoke damu: mutu amelala, mutaa umenyamaza, naye anasikia kelele ndani ya mashikio, kama nyenze ama grupu ya jirani. Waganga wanaiita akufene. Mulio wa bombe unaweza kuileta, juu unaumiza chembe ndogo za ndani ya sikio, na zile zikikufa haziote tena.

Vita si sababu peke yake. Wazazi wetu wanajua kinini: ukiimeza, mashikio yanalia, kisha dawa ikiisha, mara nyingi kelele nayo inaenda. Sindano ndizo za kuogopesha zaidi. Kanamisini, yenye ilitumiwa kwa kifua kikuu sugu, iliacha wagonjwa wengi viziwi, na mwaka wa 2018 OMS ilishauri iachwe. Lakini ndugu zake, kama jentamisini, zingali zinadungwa. Kwa dawa za aina hii, kelele inaweza kuwa alama ya kwanza, mbele mugonjwa aanze kuuliza kila mara: «Unasema nini?»

Sasa, muganga atajua namna gani? Anauliza: «Inaendelea je?», na mugonjwa anajibu kufuata usiku wa jana tu. Kule Ujerumani, vyuo vikuu vya Ulm na Regensburg vilitengeneza programu ya simu, TrackYourTinnitus. Inauliza mutu saa yoyote ya siku: unasikia kelele sasa hivi? Ina nguvu gani? Iko inakusumbua? Majibu yalionyesha kama kelele inazidi usiku na alfajiri, na kama kile mutu anakumbuka si kila mara sawa na kile alijibu siku yenyewe. Basi mwenye kupimwa saa ine za asubui anaweza kuonekana muzima kuliko vile alikuwa saa tisa za usiku. Wengine wanaogopa kama kuulizwa kila siku kutafanya mutu asikilize kelele zaidi. Watafiti waliangalia hiyo kwa watumiaji wa programu ile, hawakuona kama inazidisha.

Hapa kwetu, mega ni bei, na wengi wako na simu ya kubonyeza tu. Kwa maoni yangu, kaye ya mutoto wa shule inatosha. Asubui na magaribi, saa ileile, andika namba kutoka 0 mpaka 10, sikio gani, kama ulilala, dawa gani na saa ngapi. Ukipitisha siku karibu na grupu ama risasi zililia, andika pia.

Kazi ngumu iko upande wa pili: muuguzi aisome. Umuonyeshe hata kama yuko haraka. Kama uko kwa sindano na namba inapanda, mwambie siku ileile, mbele adunge ingine. Usikate dawa wewe mwenyewe. Dawa ya kuondoa akufene yenyewe haijapatikana, kwa hiyo mwenye kukuuzia matone sokoni anakudanganya.

Na kama kelele inapiga sawa na moyo, ama sikio moja limeziba gafula, usingoje kaye ijae. Enda kwa muganga leo.