Unga wa Protini si Dawa ya Kukonda

Miongoni mwa bidhaa zinazopangwa siku hizi kwenye rafu za maduka ya mijini, umo mkebe mkubwa wa plastiki wenye unga mweupe au wa rangi ya kakao, ambao ubavuni mwake umeandikwa kuwa ni protini ya maziwa. Hapo zamani wateja wake walikuwa hasa wanyanyua vyuma, watu waliotaka misuli yao ijae. Leo unanunuliwa pia na watu wenye haja iliyo kinyume kabisa, yaani kupunguza unene.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea mkebe mtupu wa unga huo baada ya kipindi. Alinieleza kwamba dada yake amekuwa akiunywa asubuhi na jioni kwa muda wa miezi miwili ili akonde, naye badala ya kukonda ameongezeka. Kisha akauliza: "Mwalimu, dada ameuziwa unga wa bandia?" Niliusoma mkebe ule pande zote nisione dalili yoyote ya ubandia. Nilimjibu kwamba huenda unga ni halali, ila hesabu ndiyo iliyokosewa. Makala haya ni jibu hilo hilo kwa urefu, kwa kuwa naamini swali la mwanafunzi yule linaulizwa katika nyumba nyingi, na kwamba sisi walimu wa sayansi ndio tunaopaswa kulijibu kabla ya mwenye duka.

Rai yangu ni hii: unga wa protini ni chakula. Si sumu, kama wasemavyo baadhi ya watu, wala si dawa iyeyushayo mafuta, kama wasemavyo wengine. Yafaa upimwe kwa vipimo vile vile tunavyovitumia kupima maharage, dagaa na mayai.

Asili ya unga huu

Maziwa ya ng'ombe yana protini za makundi mawili makubwa. Katika kila gramu 100 za protini hizo, gramu 80 hivi ni kasini, na 20 zilizosalia ni protini ambazo hubaki zimeyeyuka ndani ya maji baada ya kasini kuganda. Mtengeneza jibini anapotia kimeng'enya au asidi ndani ya maziwa, hupata vitu viwili: bonge jeupe ambalo ndilo litakalokuwa jibini, na maji yenye rangi ya manjano iliyochanganyika na ukijani. Lita 10 za maziwa hutoa kadiri ya kilo 1 ya jibini, na kiasi kinachobaki, karibu lita 9, ni maji hayo. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji matupu. Kilichomo humo kwa wingi baada ya maji ni sukari ya maziwa, kisha chumvi za madini, na protini isiyofikia asilimia 1.

Kwa muda mrefu viwanda vya jibini vya Ulaya na Marekani viliyahesabu maji hayo kuwa taka. Mengine walipewa nguruwe, mengine yakamwagwa mashambani, na mengine yakaachwa yaingie mitoni. Humo mtoni bakteria waliyaozesha wakitumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Mabadiliko yalikuja pale mbinu ya kuchuja kwa utando wenye matundu madogo mno ilipoenea viwandani tangu miaka ya 1970. Utando huo huruhusu maji na sukari kupita, bali huzuia molekuli za protini, ambazo ni kubwa zaidi. Protini iliyozuiliwa hunyunyizwa katika hewa ya moto ikakauka na kuwa unga. Unga wa namna iliyozoeleka una protini kadiri ya asilimia 80, na ule uliosafishwa zaidi hufikia 90.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili maabara. Apashe moto nusu lita ya maziwa mabichi hadi yawe vuguvugu tu, asiyachemshe. Atie maji ya ndimu kidogo kidogo huku akikoroga, mpaka mabonge yatokee, kisha achuje kwa kitambaa. Baada ya hapo ayachemshe yale maji yaliyochujika. Vipande vidogo vyeupe vitakavyojitokeza ndani yake ni protini ya jamii ile ile inayouzwa mkebeni. Wanafunzi wasiile wala wasiinywe, kwa sababu vitu vya maabara si chakula. Lakini wakishaiona kwa macho yao, mkebe ule hautakuwa na siri tena.

Hesabu ya nishati

Kijiko kikubwa kimoja kinachotiwa ndani ya mkebe kwa ajili ya kupimia huchukua kadiri ya gramu 30 za unga. Ndani yake mna protini gramu 24 hivi na nishati ya kilokalori 120 hivi. Mwanafunzi anaweza kuzihakikisha tarakimu hizi mwenyewe. Gramu 1 ya protini hutoa kilokalori 4. Kwa hiyo gramu 24 hutoa 96. Kilokalori chache zinazobaki hutoka katika mafuta na sukari iliyosalia humo.

Sasa tumtazame dada wa mwanafunzi wetu. Alikula kama alivyozoea, ila asubuhi na jioni akaongeza kijiko kimoja cha unga. Kila siku alijiongezea kilokalori 240, na kwa siku 30 akafikisha 7,200. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini huhifadhi nishati ya kadiri ya kilokalori 7,700. Kwa hesabu hiyo alikuwa akijiwekea karibu kilo 1 ya mafuta kila mwezi, huku akiamini kwamba anaipunguza.

Tumchukue mtu wa pili. Huyu alikuwa akifungua kinywa kwa maandazi na chai yenye sukari nyingi, vyote pamoja kilokalori 450. Akaviacha, na badala yake akala tunda la kilokalori 80 na kijiko kimoja cha unga uliokorogwa kwa maji, jumla kilokalori 200. Amepunguza 250 kwa siku, yaani 7,500 kwa siku 30. Mwili wa binadamu haufuati hesabu kwa unyoofu kama mashine, kwani mtu anapokula kidogo, mwili nao hupunguza matumizi yake ya nishati. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri. Watu hawa wawili wametumia unga wa aina moja. Mmoja ameongezeka, mwingine amepungua. Tofauti imetokana na kile kilichoondolewa mezani, wala si kile kilichoongezwa.

Ukweli ulio upande wa watetezi wake

Haitakuwa haki kuishia hapo, kwa maana watetezi wa unga huu nao wana hoja zenye uzito. Kwanza, protini hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga au mafuta yenye nishati iliyo sawa nayo. Pili, mwili hutumia nishati katika kumeng'enya chakula na kukishughulikia. Kwa protini gharama hiyo ni asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, hali kwa wanga ni 5 hadi 10, na kwa mafuta haizidi 3. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu anayepungua uzito hapotezi mafuta peke yake. Sehemu ya kilo anazozipoteza ni misuli, na misuli ndiyo impayo nguvu za kazi. Protini ya kutosha, pamoja na mazoezi ya nguvu, hupunguza hasara hiyo.

Jaribio moja lililofanywa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, linaonyesha jambo hili vizuri. Vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi walipunguziwa nishati ya chakula kwa asilimia 40 kwa wiki 4, huku wakifanya mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Kundi la kwanza lilipata protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kundi la pili gramu 2.4. Nishati ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5, na misuli yake ikabaki karibu vile vile. Kundi la pili lilipoteza mafuta kilo 4.8, na uzito wa mwili usio wa mafuta ukaongezeka kwa kilo 1.2.

Msomaji na aangalie kwa makini masharti ya jaribio hilo. Chakula kilipimwa, kikapunguzwa sana, na mazoezi hayakukosekana. Mfanya biashara akinukuu matokeo na kuyaacha masharti, atakuwa ametoa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyompoteza yule dada.

Protini iliyo jikoni

Kiwango kilichokubaliwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ni protini gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mtu wa kilo 60 ahitaji basi gramu 50 hivi. Tuzitafute jikoni. Maharage makavu gramu 100 yana protini gramu 21 hivi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Yai moja lina 6. Dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hutoa kadiri ya gramu 15 kwa kila gramu 30. Hata kabla hatujahesabu protini iliyo ndani ya ugali, tumefikia gramu 50.

Wengine husema kwamba protini ya mimea ni pungufu. Ni kweli kwamba mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lakini maharage yana lisini nyingi, na upungufu wake yenyewe hufidiwa na mahindi. Ugali kwa maharage, chakula ambacho mwanafunzi wa bweni hukinung'unikia, ni mchanganyiko ambao mtaalamu wa lishe angeupendekeza. Tena maharage yana nyuzinyuzi zinazosaidia kushibisha, na unga wa mkebeni karibu hauna kabisa. Kwa upande wake, unga huo hutoa protini nyingi kwa nishati kidogo, na huo ndio ubora wake wa kweli. Dagaa, hata hivyo, hawako mbali nao, na bei yao yajulikana sokoni.

Onyo la miaka ya 1970

Kuna tukio ambalo halifai kusahauliwa. Mwaka 1976 kilichapishwa nchini Marekani kitabu kilichowashauri watu wanene waache chakula chote, wanywe tu protini ya maji iliyotengenezwa kutokana na ngozi na kano za wanyama waliochinjwa. Watu wengi walifuata ushauri wa namna hiyo, wakiishi kwa chini ya kilokalori 400 kwa siku. Walikonda upesi. Lakini katika mwaka 1977 na 1978 serikali ya nchi hiyo ilichunguza vifo karibu 60 vya watu waliokuwa wakifuata mlo huo, baadhi yao wanawake vijana ambao mapigo ya moyo yaliwavurugika ghafla. Protini ya ngozi na kano haina triptofani, asidi amino isiyokosekana katika lishe kamili, na mlo wenyewe ulikuwa na upungufu wa madini.

Protini ya maji ya jibini ni bora kuliko ile, kwa kuwa ina asidi amino zote za lazima. Lakini hatari ya kuacha chakula chote kwa ajili ya kinywaji kimoja haiondolewi na ubora wa kinywaji hicho.

Wajibu wetu shuleni

Kwa vijana wa shule nasema bila kusitasita: mwili unaokua hauhitaji njaa ya makusudi, wala mkebe usichukue mahali pa mlo wa mchana. Nimewaona wasichana wakiacha chakula cha shule kwa sababu ya neno moja la mzaha lililotolewa juu ya miili yao, na mzaha huo yatupasa kuukemea. Kijana ambaye uzito wake umezidi kweli aonwe na mganga. Mwenye ugonjwa wa figo, au mwili unaodhuriwa na maziwa, asiuguse unga huu kabla ya kushauriwa.

Kwa walimu wenzangu napendekeza zoezi la kipindi kimoja. Wanafunzi waende dukani na sokoni, waandike bei ya unga wa protini, ya dagaa, ya maharage, ya mayai na ya maziwa. Wagawanye kila bei kwa gramu za protini zilizomo, kisha wahesabu na kilokalori zinazofuatana na kila gramu. Majibu yaandikwe ubaoni katika safu mbili. Mwanafunzi aliyeniletea mkebe nilimpa kazi hiyo hiyo, nikamwambia aifanye nyumbani pamoja na dada yake.