Fundi wa ndege apewe muda



Inanisikitisha kuona abiria wakiwafokea wahudumu kwa sababu ndege imerudi kwenye maegesho kwa ubovu wa kifaa kimoja tu.

Mashirika ya ndege huwa na orodha iliyoidhinishwa ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila kuwa navyo, kwa masharti na muda maalumu: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Fundi hukizima kifaa, hubandika alama na kuandika kwenye daftari la ndege, kisha rubani mkuu huamua. Utaratibu ni mzuri, ila orodha haisemi kwa nini kifaa kimeharibika.

Tarehe 20 Agosti 2008, mjini Madrid, ndege ya Spanair aina ya MD-82 ilirudi kwa sababu hita ya kipimajoto cha nje, ambayo hutakiwa kuwaka angani tu, ilikuwa ikiwaka ardhini. Mafundi waliikatia umeme, na orodha iliruhusu. Katika kupaa, flapu za mabawa hazikuwa zimeshushwa, na king'ora cha kuonya kuhusu hilo hakikulia. Watu 154 walikufa. Wachunguzi walieleza kuwa rilei moja, yaani swichi ya umeme, ilihudumia hita ile na king'ora kile, ingawa hawakuweza kuthibitisha kwamba ndiyo iliyokuwa mbovu.

Naomba mashirika yawaeleze abiria wazi kinachotengenezwa, na yasimharakishe fundi anayetaka kutafuta chanzo cha ubovu. Abiria nasi tuvumilie, hata tukikosa ndege ya kuunganisha.

Msomaji wenu,
Mwanza