Tochi gani kwa kutafuta mtu usiku?



Munajua kwamba bustani yetu imetoa feza kidogo kwa viazi na kabichi tulizouza. Komite ya wanafunzi imekubali kununua tochi kwa ajili ya internati. Jambo hilo ni zuri. Lakini tochi gani? Hapo tumegawanyika. Wengine wanataka moja kubwa yenye kung'aa kushinda zote. Wengine wanataka nyingi za bei ndogo, kila chumba na yake. Na wengine wanasema: "Tochi ya nini? Telefone za walimu si ziko na taa?" Mimi sikubali hata wazo moja katika hayo matatu, na nitaeleza sababu.

Tukumbuke kwanza kazi yenyewe. Tochi hizi si za kusomea, wala za kwenda choo. Ni za kutafuta mtu. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halikawii. Aliyeenda kuni akichelewa kidogo tu, usiku unamkuta njiani. Vilima vyetu ni vikali, njia zinateleza, na ukungu unajaa mabonde. Wakati wa mvua iliyopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alianguka pembeni ya kijito, mguu ukamwuma, akashindwa kupanda. Tulitoka watu kumi na wawili, na telefone tatu na tochi mbili ndogo. Tulipita juu yake mara mbili. Yeye aliona taa zetu na akaita, lakini maji yalifunika sauti yake. Alipopatikana ilikuwa karibu saa tatu, anatetemeka kwa baridi. Mungu alisaidia. Lakini angelala pale mpaka asubuhi, nani anajua tungemkuta namna gani?

Basi, tusidanganywe na maandiko ya sanduku. Sokoni Butembo utaona tochi ndogo kama kidole imeandikwa lumeni elfu kumi, hata elfu mia moja. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Haisemi mwanga huo unafika wapi. Kinachosema hivyo ni kandela, ndiyo ukali wa mwanga pale katikati. Katika mwaka 2009 Wamarekani waliweka kanuni ya kupima tochi, inaitwa FL 1. Kufuata kanuni hiyo, mwisho wa mwanga ni pahali ambapo imebaki robo ya luksi, karibu sawa na mwanga wa mwezi mzima. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili, utapata mita. Kandela 2 500 zinafika mita 100. Kandela 10 000 zinafika mita 200. Angalieni vizuri: kufika mbali mara mbili kunaomba ukali mara nne! Tena, kwa mwanga wa mwezi unaweza kuona mtu amesimama, lakini si mtoto mwenye koti nyeusi amelala katika majani. Kwa hiyo umbali ulioandikwa, mimi ninaukata nusu.

Pili, kutafuta si kwa namna moja. Katika Luka 15 yule mama aliyepoteza feza aliwasha taa na kufagia nyumba. Taa ndogo ilimtosha, kwa sababu alichotafuta kilikuwa ndani ya kuta nne. Mchungaji wa sura ile ile alitoka nje mbali. Sisi tuko na kazi zote mbili. Kwa kutazama ng'ambo ya bonde tunahitaji mwanga mwembamba wenye kufika mbali. Kwa kuchungua majani, mtaro na chini ya miti ya ekaliptusi, tunahitaji mwanga mpana na wa kadiri. Ule mwembamba ukiutumia karibu, unaona duara moja tu na pembeni yote ni giza. Na katika ukungu tochi kali inakuwa adui: mwanga unagonga matone na kurudi machoni, unaona ukuta mweupe. Pale inafaa kupunguza mwanga na kushika tochi chini kwenye kiuno, si karibu na macho.

Tatu, mwanga unakula. Betri nyingi za kuchaji ni zile za duara zenye alama 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri nzuri ya aina hiyo haipiti sana 3 500 mAh. Ukiona imeandikwa 9 900, ni uongo, iache. Yenye 3 000 kwa volti 3,7 inabeba karibu wati-saa 11. Kama tochi inatoa lumeni mia kwa kila wati, basi lumeni 1 000 zinaimaliza kwa saa moja hivi. Lumeni 300 zinakwenda zaidi ya saa tatu. Saa moja haitoshi kupanda kilima kimoja na kushuka. Na zile saa zinazoandikwa kwa kanuni ya FL 1 zinahesabiwa mpaka mwanga umebaki sehemu moja ya kumi.

Telefone je? Taa yake inaangaza mita chache za mbele ya miguu, basi. Na betri yake ikiisha, utamwita nani?

Ninapendekeza tununue tatu tu. Moja ya kuchaji, yenye mwanga mwembamba wa kandela 10 000 au zaidi. Mbili zenye mwanga mpana, za kutumia mawe ya redio yanayopatikana kila butiki, kwa maana umeme si wa kutumainiwa. Pamoja na mawe ya akiba, yakae nje ya tochi yasije yakaivuja na kuiharibu. Zijaribiwe dukani, ndani ya chumba cha giza, mbele ya kulipa. Zikae kwa msimamizi wa internati, na kila siku ya posho ziwashwe kuona kama ni nzima. Na wakati wa kutafuta, kila hatua mia moja tuite jina, tuzime taa, tunyamaze, tusikilize.

Mtasema ni bei kali. Ni kweli, tochi tatu nzuri zitapita bei ya kumi mbaya. Lakini kumi mbaya zikizimika pamoja katika bonde, zimetusaidia nini? Mwenye wazo lingine aandike katika gazeti lijalo, mbele ya komite kwenda Butembo.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho