Tetekuwanga si ugonjwa wa watoto pekee

MNAMO Agosti 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba chanjo ya tetekuwanga ingejumuishwa katika chanjo za kawaida za watoto kuanzia Januari 2026. Marekani ilikuwa imeanza kuitoa mwaka 1995. Je, Uingereza ilisubiri nini kwa miaka 30?

Jibu limo katika uhusiano wa tetekuwanga na mkanda wa jeshi, maradhi mawili yanayosababishwa na virusi vya aina moja.

Mtoto anayeugua tetekuwanga hutokwa na vipele vinavyowasha mwili mzima, kisha hupona baada ya wiki moja au mbili. Hata hivyo, virusi haviondoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kutulia humo kwa miongo. Kinga ya mwili inapofifia, aghalabu baada ya umri wa miaka 50, huzinduka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi. Malengelenge hujipanga upande mmoja wa kiuno, kifua au uso, na maumivu yake huweza kudumu kwa miezi baada ya ngozi kupona.

Mwaka 1965, daktari Mwingereza, Edgar Hope-Simpson, alitoa hoja kwamba mtu mzima anayetangamana na watoto wenye tetekuwanga huimarishwa kinga yake. Kwa msingi huo, wataalamu walihofia kuwa kuwachanja watoto kungewazidishia wazee mkanda wa jeshi. Tajriba ya Marekani haikuthibitisha hofu hiyo. Isitoshe, wazee nao sasa wana chanjo yao, ambayo Uingereza imekuwa ikiitoa tangu 2013.

Nchini Kenya, chanjo ya tetekuwanga haimo katika orodha ya zile ambazo serikali huwapa watoto wote bila malipo. Mzazi mwenye uwezo huinunua katika hospitali za kibinafsi.

Ni rahisi kudai kwamba serikali iige Uingereza mara moja. Lakini mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitahadharisha kuwa nchi inayoianzisha sharti iweze kuwafikia angalau asilimia 80 ya watoto, tena mfululizo. Chanjo ikiwafikia wachache, virusi hupungua bila kutoweka. Baadhi ya wasiochanjwa hukua bila kuambukizwa, kisha huugua utu uzimani, wakati ambapo tetekuwanga ni kali zaidi na huweza kuleta homa ya mapafu, hasa kwa akina mama wajawazito.

Aidha, kuna suala la unyanyapaa. Kwa kuwa virusi vya Ukimwi hudhoofisha kinga, mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu ya kupimwa. Hata hivyo, si ithibati ya Ukimwi. Umri na maradhi mengine pia huuleta. Anayejificha nyumbani kwa kuogopa minong'ono hukosa dawa ambazo hufaa zaidi zikianzwa katika saa 72 za kwanza.

Funzo la Uingereza, basi, halihusu kasi. Chanjo ya mtoto mmoja huamua hatima ya watu wa rika zote. Ikija Kenya, ije na uwezo wa kufika hadi zahanati ya mwisho mashinani. Chanjo ya nusunusu huenda ikawabebesha watu wazima mzigo wa watoto.