Kabla mama hajauza mbuzi

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nina dukuduku, nalo linahusu geti la gereza.

Mama yangu anaishi Kalemng'orok, Turkana Kusini, kando ya barabara ya A1 itokayo Kitale kwenda Lodwar. Mdogo wangu ni mfungwa katika gereza la mbali, ng'ambo ya Kainuk. Kumtembelea si jambo la kuamka na kwenda. Mwaka jana mama aliuza mbuzi ili apate nauli. Akanunua sabuni, dawa ya meno, fulana mbili na kandambili. Kitambulisho akakifunga kwenye leso. Nilimwambia nyama kavu aiache, huenda wasiipokee. Akanijibu, "Wewe umezoea kompyuta, hujui njaa ya mtoto." Akaibeba.

Tulipofika getini, afande akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa upole, "Mama, huyu alihamishwa wiki jana."

Mama akauliza kama nyama inaweza kumfuata huko alikopelekwa.

Afande sina ugomvi naye, alisoma kilichoandikwa. Ugomvi wangu ni huu: habari ilikuwepo. Ilikuwa imelala daftarini wiki nzima wakati mama anatafuta mnunuzi wa mbuzi. Kuifikisha Kalemng'orok kungegharimu ujumbe mmoja tu wa simu.

Tukizungumzia teknolojia na magereza, wengi wetu tunakimbilia video. Mfungwa aonane na jamaa zake kwenye kioo, mambo yaishe. Siipingi video. Machi 2020, korona ilipoingia, Kenya ilisimamisha kutembelea wafungwa, na mahakama zikaanza kusikiliza kesi kwa video huku washtakiwa wakiwa gerezani. Kwa hiyo tunajua mawasiliano yanaweza kuvuka ule ukuta. Lakini mama yangu ana kabambe, na kabambe haina video. Na hata ingekuwa nayo, yeye anataka kumwona mtoto kwa macho yake, ajue kama amekonda.

Kwa hiyo jambo la kwanza liwe dogo. Huduma ya kubonyeza nyota, tarakimu na reli, bila intaneti, ikupe jibu kama hili: "Ndugu yako bado yuko hapa. Kutembelea ni Jumamosi asubuhi. Njoo na kitambulisho. Chakula kilichopikwa hakipokelewi." Hesabu herufi, hazifiki 160, ujumbe mmoja unatosha. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 haikungoja watu wanunue simu za bei. Iliwafuata na simu walizokuwa nazo.

Najua mtaniuliza, je, kila mtu aweze kuchungulia nani amefungwa? Hapana. Mfungwa mwenyewe ataje namba mbili au tatu za jamaa zake siku anayoingia, na namba hizo tu ndizo zijibiwe. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, tuifuate. Na akihamishwa, ujumbe utoke wenyewe bila kungoja kuulizwa. Kwa wazee wasiosoma kama mama, iwe sauti iliyorekodiwa kwa Kiturkana. Si kazi ya ajabu. Kazi ngumu ni kuhakikisha karani anaandika uhamisho siku ileile, na hapo programu nzuri haisaidii kitu bila amri ya mkubwa.

Wala siombi hisani. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 68 kwamba mfungwa ana haki ya kuwajulisha jamaa zake mara moja anapohamishwa. Kanuni ya 59 inataka afungwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana.

Sisi wa Turkana tunaujua umbali. Baada ya kesi ya Kapenguria, wakoloni walimfunga Jomo Kenyatta na wenzake Lokitaung, kisha mwaka 1959 wakamhamishia Kenyatta Lodwar. Walichagua kwetu kwa sababu ni mbali na watu wao. Umbali ulikuwa sehemu ya adhabu. Leo hakuna hakimu anayeandika kwenye hukumu kwamba mama wa mfungwa naye atembezwe bure, lakini ndivyo inavyotokea.

Mama sasa anajiandaa tena. Safari hii nimepiga simu mara nne, mpaka mtu akaniambia, "Nadhani yupo." Mbuzi wa pili bado yuko zizini. Je, wadau, kwa hiyo "nadhani" nimwambie amuuze?